Mzigo Hauishi, Huhama

Mwanangu ana miaka miwili na uzito wa kilo 12. Desemba iliyopita, tulipokuwa tunajiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Mombasa kwa likizo ya siku 10, vitu vyake peke yake vilifika kilo 18. Nilivipima kwa mzani wa kuning'iniza nilioazima kwa jirani anayeuza kuku: nguo, pampasi, unga wa lishe, sufuria yake ya uji, chandarua, blanketi, kigari cha kusukuma, vitabu vya picha na ndoo ndogo ya kuchezea mchanga. Mtu asiyejua hata kufunga kamba za viatu alikuwa anasafiri na mzigo mzito kuliko yeye mwenyewe.

Baba yake alikuwa na dawa. Kwa wiki kadhaa alikuwa akitazama video za wasafiri wanaofundisha kubeba vichache, na kanuni zao alikuwa amezikariri. Begi moja la mgongoni kwa familia nzima. Nguo tatu kwa kila mtu: moja mwilini, moja kwenye begi, moja kwenye kamba inakauka. Usibebe kitu unachoweza kukinunua uendako. Usibebe kitu kwa sababu tu huenda ukakihitaji. Vijana wa kwenye zile video wanayasema haya kwa utulivu wa mtu aliyetubu, na hapo ndipo nami nilipoanza kusikiliza. Kwao kubeba vichache si urahisi tu. Wanasema kunakufanya mtu bora: huru, usiyefungwa na vitu, usiyetawaliwa na woga.

Hilo ni dai la kimaadili, na mimi nasoma shahada ya uzamili ya falsafa. Wanafunzi wa falsafa tuna tabia inayowachosha watu wa nyumbani kwetu: ukituambia jambo ni jema, tunauliza ni jema kwa nani, na nani analilipia.

Basi nikakaa na karatasi. Kila kitu tulichokitoa kwenye begi nilikiandika upande wa kushoto, na upande wa kulia nikaandika uzito wake umekwenda wapi.

Tulitoa pampasi 40. Zikageuka kuwa fedha, kwa kuwa tungezinunua Mombasa kwa shilingi za Kenya, na zikishatumika zingebaki hukohuko; taka zetu tukawaachia wenye mji. Nguo za mtoto zilikuwa kumi, zikabaki tatu. Zile saba zikageuka kuwa kazi ya kufua, kila siku, kwa mikono ya mtu, maana mtoto wa umri huo akicheza ufukweni hamalizi saa mbili na nguo moja. Unga na sufuria vikahamia jikoni kwa shangazi yangu wa Kisauni, ambako tungefikia. Chandarua na blanketi vikahamia kabatini kwake. Kigari kikabaki Dar, na uzito wake ukaja mgongoni kwangu, kwenye mbeleko, kwa sababu mtoto akichoka kutembea habebwi na kanuni, anabebwa na mtu. Tulipomaliza, begi lilikuwa na kilo 9. Lakini upande wa kulia wa karatasi ulikuwa umejaa, na hakuna kitu hata kimoja ambacho ningeweza kukiandikia "kimeisha".

Sekondari tulifundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, hubadilika umbo tu. Mzigo nao uko vivyo hivyo. Hauishi, huhama. Unageuka fedha, unageuka muda, unageuka mgongo wa mtu mwingine. Wazee walilisema hili kwa maneno machache: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa msomaji aliyekulia kwenye magodoro ya sponji, usufi ni ile pamba laini ya mti wa msufi inayojazwa kwenye mito, na kanda ni mfuko wa kusuka. Mzigo ukiwa begani kwa mwenzako, wewe unauona mwepesi kama mfuko wa usufi. Yeye ndiye anayejua una nini.

Mfano mzuri kuliko wote ni ule mfuko mwembamba wa plastiki tuliokuwa tukipewa dukani. Haukuwa na uzito wowote mkononi. Uzito wake ulikuwa kwenye mitaro iliyoziba na kwenye matumbo ya ng'ombe na mbuzi walioumeza. Kenya iliupiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019, na tangu hapo wengi wetu tunatembea na mfuko wa kitambaa ambao ni mzito zaidi kidogo. Serikali mbili ziliamua kwamba wepesi wa mnunuzi ulikuwa unabebwa na wengine, na zikaurudisha mzigo kwa mwenyewe.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, ana barua kwa rafiki yake Lucilius, ya 87 katika mpangilio wa barua zake, ambamo anasimulia safari ya siku mbili aliyoifanya na mwenzake Maximus bila makuu. Godoro limetandikwa chini. Nguo moja ya kujifunika ni shuka, nyingine ni blanketi. Tini zilizokaushwa hazikosekani kwenye chakula. Anaona raha, na anatambua ni vitu vingi kiasi gani tunavyovibeba bila kuvihitaji. Ni barua ya mtu mkweli pia, kwa sababu anasema kwamba wakipishana na watu wenye misafara ya fahari, anaona haya kuonekana kwenye gari lake duni. Vijana wa kwenye video wangempenda. Lakini katika maelezo ya wepesi wake kuna jambo analolitaja kwa kupita tu: alikwenda na watumwa wachache sana, wa kutosha gari moja.

Simdai Seneca awe mtu wa karne yetu, na katika barua nyingine yeye huyohuyo anamkumbusha Lucilius kwamba mtumwa ni binadamu kama bwana wake. Ninachokitazama ni hesabu yake. Magodoro yaliingia upande wa mizigo. Watu waliomhudumia njiani waliingia upande wa wepesi.

Sisi wa pwani hii hatuhitaji kwenda Roma kuliona hilo. Neno letu safari limeingia katika lugha nyingi za dunia, na mara nyingi linaingia na picha ya Mzungu mwenye kofia. Richard Burton na John Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ziwa Tanganyika, walikwenda na msafara wa wapagazi. Mpagazi wa karne ile, mara nyingi Mnyamwezi, alibeba kama kilo 30 kichwani au begani, mwendo wa wiki na wiki kati ya pwani na bara. Vitabu vya safari hizo vimejaa majina ya waliobebewa. Wengi wa waliobeba wamebaki kuwa idadi.

Mtu anaweza kuhitimisha hapa kwamba basi haki ni kila mmoja abebe chake. Ni hitimisho linalovutia, lakini halikufua dafu mbele ya simu moja ya shangazi.

Nilimpigia wiki moja kabla ya safari. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto wa kila mtu, nikamwambia tunafikiria kuja na unga wa mtoto na sufuria yake ili tusimsumbue.

"Unga?" akasema. "Kwani huku kwangu hakuna unga?"

Nikamweleza kwamba ni ule wa lishe, ambao mtoto ameuzoea.

"Na huu atauzoea. Niletee mtoto, mwanangu. Hivyo vyombo waviletea nani?"

Nilitaka kumpunguzia kazi, naye alisikika kama mtu aliyefungiwa mlango. Na nikimfikiria, naona alikuwa na haki. Mgeni anayekuja na unga wake, sufuria yake, shuka zake na maji yake ya kunywa anamwambia mwenyeji kwamba nyumba yake ni paa tu. Kuna heshima katika kujibebea, lakini kuna na kiburi: kujikinga na kila mtu ili usije ukadaiwa na mtu yeyote. Anayekataa kubebewa chochote hujenga maisha ambayo ndani yake hakuna atakayethubutu kumwomba abebe.

Kwa hiyo kumbebesha mtu mzigo wako si kosa lenyewe. Shangazi aliuomba mzigo wetu, aliujua, na alijua kwamba zamu yetu itafika. Watumwa wa Seneca hawakuulizwa. Mpaka uko hapo: aliyebeba amekubali, na siku moja anaweza naye kubebewa?

Ila nyumbani kwa shangazi kuna mtu wa tatu. Kuna binti anayemsaidia kazi, anayeamka kabla ya wote na kulala baada ya wote. Ile karibu ya shangazi ilikuwa ya shangazi kuitoa. Mikono ya yule binti haikuwa yake kuigawa. Tungefika na nguo zetu tatu tatu, kwa furaha ya watu waliojitenga na vitu, na kila jioni kungekuwa na beseni la kufuliwa. Tungejisifu kwa begi dogo, na begi lingekuwa dogo kwa mikono yake. Naye asingesema kitu, kwa sababu wageni wa mwajiri hawaambiwi kitu.

Nililiweka jambo hili mezani kabla hatujaondoka, na mume wangu, kwa sifa yake, hakubishana. Mwalimu wa nguo tatu akawa mfuaji wa nguo tatu. Kila usiku alikaa kibarazani kwa shangazi na beseni na sabuni ya mche, wazee wa jirani wakipita na kutoa maoni yao. Siku ya nne alirudi kutoka dukani na fulana mbili mpya za mtoto. Nadhani hakuna seminari ya maadili niliyowahi kuhudhuria iliyofundisha kwa haraka kiasi hicho.

Njiani nako kulikuwa na la kufikiria. Mpakani, kati ya Horohoro na Lunga Lunga, abiria tulishuka kwenye basi na mizigo ikakaguliwa. Mbele yangu kwenye foleni alikuwa mama mmoja na mabegi mawili ya shangazi kaja, yale ya nailoni yenye miraba, yenye zipu inayokatika kabla ya begi lenyewe. Ndani alikuwa na vitenge na kandambili za kuuza. Katika utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara mdogo kama yeye anaweza kuvusha bila ushuru bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zisizozidi thamani ya dola 2,000, lakini kwanza lazima afungue, aeleze, afunge tena. Zamu yangu ilipofika, mtoto alikuwa amelala mgongoni na mimi nahangaika na mikanda ya begi. Mama yule akanyoosha mikono. "Nipe huyo," akasema, "wewe fungua."

Mtu huyo huwezi kumwambia abebe vichache. Uzito wa mabegi yake ndio ada ya shule ya watoto wake. Kilo 9 zetu ziliwezekana kwa sababu tulikuwa na fedha kwenye simu na shangazi mbele ya safari. Mwenye fedha husafiri mwepesi kwa sababu fedha ni mzigo uliokwisha kubebwa na mtu, mahali fulani, siku nyingine. Na hata kwa fedha zetu, pale foleni begi dogo halikutosha. Ilibidi ipatikane mikono ya mgeni ambaye mikono yake ilikuwa imejaa.

Jina la begi lile limenikaa moyoni tangu siku hiyo. Nigeria huliita Ghana Must Go, yaani Waghana lazima waondoke, kwa sababu mwaka 1983 serikali ya nchi hiyo iliwafukuza wahamiaji wasio na vibali, wengi wao kutoka Ghana, nao wakafungasha maisha yao humo. Ujerumani wamewahi kuliita sanduku la Mturuki. Mwaka 2007 nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ikatoa begi la miraba hiyohiyo kwa bei ya matajiri. Sisi tumeliita shangazi kaja. Begi lilelile ambalo kwingine linamkumbusha mtu kufukuzwa, kwetu linatangaza kwamba mtu amefika, na kwamba ndani yake kuna chako.

Nimeona shangazi yangu akifungua la kwake kila alipokuja Dar. Kuna achari ya embe, kuna mabuyu ya rangi, kuna visheti, kuna doti ya kanga kwa kila mpwa wa kike. Kuna dawa ya macho aliyoagizwa na mtu. Kuna kifurushi cha jirani yake wa Kisauni kwa mwanawe aliyeko Temeke. Vya kwake mwenyewe ni madera matatu na mswaki. Kwa kanuni za video, huyu mama hajui kusafiri. Lakini ukiondoa vya watu kwenye begi lake, amefuata kanuni ya nguo tatu tangu kabla vijana wale hawajazaliwa.

Mzani, kwa hiyo, haujui kuuliza. Unasema kilo ngapi. Hausemi kilo hizo ni za nani, wala ziko mgongoni kwa nani. Nayo ndiyo maswali mawili ninayodhani yanafaa kuulizwa kabla ya zipu kufungwa. Vitu vyako mgongoni kwako ni uzito tu, hauna sifa wala lawama. Vitu vyako mgongoni kwa mwingine ni deni, zuri likiwa limekubaliwa, baya likiwa limefichwa. Vitu vya wengine mgongoni kwako, kwa hiari yako, ndiyo maana ya shangazi kuwa shangazi. Tulipoyauliza maswali hayo, begi letu la kilo 9 likapata nafasi ya kilo 5 za mchele wa Kyela na kilo 2 za dagaa wa Kigoma. Mume wangu alilitazama kwa huzuni, kisha akalibeba.

Linabaki swali la mtoto. Inasimuliwa kwamba Diogenes, yule mwanafalsafa wa Kigiriki aliyejivunia kutomiliki karibu kitu chochote, siku moja alimwona mtoto akinywa maji kwa viganja vyake. Akakitupa kikombe chake, akasema mtoto amemshinda kwa kuishi bila makuu. Kisa hiki hupendwa sana na watu wanaosifu wepesi. Mimi nikikisoma namwona mtu ambaye hayumo ndani yake: aliyemleta mtoto yule kisimani, aliyembadilisha nguo zilizolowa, aliyebeba kipande cha mkate kwa ajili ya njaa ya saa nne. Mtoto hana kikombe kwa sababu ana mtu. Wepesi wa mtoto siku zote ni kazi ya mtu mzima.

Ndiyo maana siwezi kuukubali wepesi kama kipimo cha ubora wa mtu. Msafiri wa kwenye video ana miaka thelathini, ana afya, hana mtoto, hana mzazi mgonjwa, na ana kadi ya benki. Si kosa kuwa hivyo. Kosa ni kuifanya hali hiyo kuwa mfano wa binadamu aliyekamilika, kwa sababu karibu kila mtu huipitia kwa miaka michache tu, kama anaipitia kabisa. Mwanzoni tunabebwa. Mwishoni tunabebwa tena. Katikati kuna muda mfupi ambao mgongo wetu una nguvu, na swali la maadili ni tutautumia muda huo kubeba nini.

Nimeambiwa kwamba mara ya kwanza kuvuka Likoni nilikuwa na mwaka mmoja, na nilikuwa mgongoni kwa shangazi. Siku ya kuondoka kwetu alitusindikiza hadi kwenye feri, ambako waendao kwa miguu huvuka bila kulipa na kila mmoja ana kitu kichwani au mkononi. Magoti yake yanamsumbua siku hizi. Alitembea polepole, ameshika mkono wa mtoto, na sikuweza kujua nani anamsaidia nani. Kabla hatujaagana akatoa kifurushi kwenye mkoba wake. Kilikuwa cha yule jirani, kwa mwanawe wa Temeke.

"Mna nafasi?" akauliza.

Mchele na dagaa vilikuwa vimebaki jikoni kwake. Nafasi ilikuwepo.